Fungate ya Unguja

Mbeya,
12 Mei 1957

Wifi yangu Jaha,

Asalaam aleikum. Nakusalimu wewe na bwana wako Matano. Kifua chako kimetulia? Sisi huku wazima, ila baridi imewahi mwaka huu, asubuhi majani yana sakitu, umande ulioganda. Ndugu yako Ahmadi anakohoa kidogo, lakini cherehani haiachi.

Wifi, nina habari nisiyojua niiandike vipi. Ahmadi anataka kunipeleka Unguja! Alisema juzi tukinywa chai, bila kunitazama, kama mtu anayesema atanunua chumvi: "Sekela, fungate yetu hatukuikaa. Kiangazi hiki twende alikozaliwa mama." Nikacheka, nikidhani mzaha. Akainuka, akarudi na kitambaa cha maua ya buluu, akanipima mabega palepale.

Wewe unajua fungate yetu ilivyokuwa. Kaka zangu walisimama barabarani na fimbo kwa sababu nimesilimu na kuolewa bila ridhaa ya baba. Tulijifungia kwa komeo nyuma ya duka, tukinong'ona. Ilipoisha hofu, kazi zikaanza.

Sasa nijulishe, maana wewe ndiye uliyefika huko na marehemu mama, na Ahmadi hajawahi. Bahari ikoje? Ziwa Nyasa nimeliona, na ukisimama ufukweni unaiona milima ya ng'ambo. Ahmadi anasema bahari haina ng'ambo. Kitu kisicho na ng'ambo kinakaaje?

La pili nauliza kwa aibu. Ni kweli huko mtu anakula popote bila kuuliza nani kachinja? Huku kwetu kila mlango ni swali. Kabla ya mfungo kaka yangu Asukile alioa. Walichinja ng'ombe wawili, ukoo mzima ukala, mimi nikala ndizi na maharage pembeni. Baba yangu, mzee Mika, aliiona sahani yangu. Akageukia upande wa pili.

Nijibu upesi. Usingizi sina.

Wifi yako,
Sekela

Iringa,
29 Mei 1957

Wifi yangu Sekela,

Waaleikum salaam. Kifua changu ni kilekile, siku kinanipenda, siku hakinipendi. Barua yako nimeisoma kwa sauti, Matano akaacha kunyoa ndevu, upande mmoja una povu. Kasema, "Ahmadi huyu huyu? Yule asiyefunga duka hata mvua ya mawe ikinyesha?" Tumecheka, lakini ni jambo kubwa.

Unauliza bahari. Nilikuwa msichana mdogo, nimeshika kanga ya mama. Tulitoka kwenye kichochoro, na mara ikawa mbele yetu. Wifi, nilivua viatu. Hakuna aliyeniambia. Nilivua tu, kama mtu aliyefika mlango wa msikiti. Mama naye akavua vyake. Zaidi ya hapo siwezi kukueleza, utaiona mwenyewe.

Chakula ni kweli ulivyoambiwa. Tulikaa mwezi mzima na sikumsikia mama akiuliza hata siku moja. Asubuhi mkate wa ufuta na maharage ya nazi, mchana wali na samaki, jioni muuza mishikaki kawasha makaa yake njiani. Unanunua, unasema bismillahi, unakula. Mimi nilikuwa namtazama mama anavyotafuna. Uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyetua mzigo.

Njiani ndiyo kazi. Basi likisimama Igawa, msile nyama ya mtu msiyemjua. Chukueni mayai ya kuchemsha, viazi vitamu na ndizi mbivu. Kwangu mtakula pilau na kulala, kisha nitawafungia kuku wa kukaanga na chapati za kwenye treni. Melini kuleni kidogo, maana huko tumbo halina adabu. Mama mdogo Mwantumu wa Malindi ya huko Unguja nimeshamwandikia. Chumba chake cha juu kinatazama baharini, atawapa nyinyi.

Lakini, wifi, mwambie baba yako. Ulipoolewa uliondoka kwake bila kuaga. Usipande basi kama mtoro mara ya pili.

Wifi yako,
Jaha

Mbeya,
30 Juni 1957

Wifi yangu Jaha,

Asalaam aleikum, na natumaini baridi ya Iringa haijakusumbua. Gauni limekwisha. Ahmadi kalishona na kulifumua, akalishona tena, anasema kola haikunistahili. Wateja wanalalamika.

Nilikusikiliza, nikapanda mlimani kwa wazazi wangu. Baba alikuwa shambani anachimba viazi. Nikamwamkia, nikasema, "Baba, nakwenda Unguja na mume wangu."

"Kuna msiba?"

"Hakuna."

"Biashara?"

"Hakuna, baba. Tunakwenda kutembea. Kula, kupumzika, na kuona bahari."

Akaegemea jembe. "Mama yako nimekaa naye tangu ujana, na sijampeleka hata Mbalizi kwa kutembea tu."

Mama, kumbe yupo nyuma ya mgomba na kikapu chake, akasema, "Na mimi nasikia, Mika." Wifi, nilicheka mpaka nikainama. Hata baba mdomo ulimcheza.

Alinifungia viazi vyeupe, vikubwa, nikawape wenyeji wangu, maana haendi mtu ugenini mikono mitupu. Nikapokea kwa mikono miwili, nikashukuru kwa lugha yetu, ndaga, baba. Nilipogeuka kuondoka akaniita. "Huko utakula nyama?"

"Nitakula."

Akatikisa kichwa taratibu. "Kwa watu usiowajua," akasema, akarudi kwenye jembe.

Nimeteremka mlima na neno hilo. Baada ya Idd ya kuchinja tutakuwa kwako, inshallah.

Wifi yako,
Sekela

Malindi, Unguja,
18 Agosti 1957

Wifi yangu Jaha,

Asalaam aleikum. Tumefika salama, tumepokewa kama watoto waliopotea. Kuku wako aliisha kabla ya Morogoro. Melini tulitapika wote wawili, tumeshikana mikono, na Ahmadi akasema hiyo ndiyo fungate.

Wifi, nimeiona.

Tulifika giza likiingia, sikuona kitu, nikasikia tu sauti kama ya watu wengi wanaovuta pumzi pamoja. Asubuhi nikafungua dirisha. Nilishika kizingiti. Nilitafuta ng'ambo kama mjinga, nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia. Hakuna. Maji yanakwenda mpaka macho yanachoka, na rangi haikai, ni kijani, kisha buluu, kisha fedha. Nikaanza kusoma Fatiha na nikasahau katikati. Ahmadi alikuja akasimama nyuma yangu. Nilipomgeukia, machozi yalikuwa yamefika kwenye ndevu.

Na chakula! Siku ya kwanza muuza mishikaki alinipa, ulimi wangu ukawahi kwa mazoea: "Nani amechinja?" Akanitazama kwa huruma. "Mama, hapa sote tunachinja." Watu wakacheka kwa wema, nikala. Nimekula pweza wa nazi, nimekula mbuzi, nimekula maandazi yenye iliki kwa majirani nisiojua majina yao. Jioni tunatembea ufukweni, Ahmadi ananimenyea chungwa mbele za watu wala haoni aibu. Mama mdogo Mwantumu anatupa sinia moja, wali katikati, samaki juu, na kila mara nakuta kipande kinono kimesogezwa upande wangu. Sikujua mume wangu anacheka kwa sauti namna ile.

Sasa sikia. Mama mdogo anasema tusirudi. Mafundi wa kanzu wanatafutwa, na chumba hiki ni chetu. Ahmadi ananitazama mimi.

Wifi yako,
Sekela

Iringa,
1 Septemba 1957

Wifi yangu Sekela,

Waaleikum salaam. Habari zako nimezisoma, nikamsomea Matano, nikazisoma tena peke yangu.

Sitawaambia rudini. Ndugu ninaye huyo mmoja, na nikisema rudini, itakuwa kwa ajili yangu. Umeteseka vya kutosha huko milimani. Kama umepata mahali usipoulizwa wala kuuliza, kaa. Nitakuja kuwaona, kifua kikiniruhusu.

Ila uamue wewe. Ahmadi akikuachia uamuzi, ujue amekupa alicho nacho chote.

Wifi yako,
Jaha

Mbeya,
20 Oktoba 1957

Wifi yangu Jaha,

Asalaam aleikum. Tangu tuachane kituo cha basi pale Iringa, ukiwa unalia na kunigombeza kwa pamoja, nimeshindwa kukaa niandike. Uliniuliza kwa nini tumerudi nikanyamaza, kwa kuwa sikujua kama niliyokuwa nayarudia yangekuwapo. Sasa nakujibu.

Barua yako ilipofika, Ahmadi aliniuliza ufukweni, "Tukae?" Nikamwambia, "Hapa nakula kwa kila mtu. Nataka kula kwetu." Aliyatazama mawimbi yakija na kwenda. Halafu akasema, "Basi twende, nikaombe."

Na kweli alikwenda, wifi. Tulipofika Mbeya hakufungua duka. Alivaa kanzu, akapanda mlima kwa miguu, mimi nyuma yake. Baba alikuwa mlangoni. Ahmadi akachuchumaa, akaamkia, akasema, "Baba, nimekuja kuomba. Siku mkichinja, mnipe mimi kisu, mke wangu apate kula na ndugu zake."

Baba akashangaa. "Kumbe ni kisu tu? Miaka yote hii nilidhani mnaona nyama yangu ni uchafu."

"Hapana, baba. Ni kisu, na neno linalotajwa."

"Neno gani?"

"Jina la Mungu."

Baba akamtazama mama, akanitazama mimi. "Jina la Mungu hata hapa linatajwa. Kwa nini hukuja mapema?"

"Niliogopa," Ahmadi akasema.

"Hata mimi," akasema baba, akampisha aingie ndani.

Jumamosi iliyopita waliliangusha dume jeusi, wifi, lile analolipenda baba. Kaka zangu, walewale waliosimama na fimbo, ndio walioshika miguu. Baba akamuuliza Ahmadi, "Kibla ni wapi?" kana kwamba kila siku huuliza hivyo, na wao wakamgeuza ng'ombe upande alioonyesha Ahmadi. Mchungaji wao wa kanisani alikuwapo, akavua kofia. Ahmadi akataja jina, nikasikia ukoo mzima nyuma yangu ukiitikia "Amina," kwa kutokujua, au kwa kujua, sijui.

Mama alikuwa amenunua vyungu vipya. Tulipika pamoja, shangazi zangu na mimi, moshi machoni, wakinidadisi juu ya bahari na juu ya Ahmadi, zaidi juu ya Ahmadi. Chakula kilipoiva, baba alichukua ini, sehemu ya wazee, akalikata na kuniwekea mkononi.

"Kula, mwanangu."

Nilikula nimesimama, wifi. Nilishindwa hata kuketi.

Njoo ukipata nafuu. Baba anataka kukuona, na mama anasema utalala kwake, si kwangu.

Wifi yako,
Sekela