Mshale wa Joto Uliokataa Kushuka

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na nyumba yako yote hapo Kibabi. Uniwie radhi kwa kuchelewa kuandika. Binti yangu Furaha alipaswa kujifungulia kwa wakwe zake, Buleusa, kama desturi yao inavyodai, nami nikamsindikiza.

Tulipokuwa mwituni, mshale wa kipimo cha joto wa basi letu kuukuu ukapanda kwenye wekundu. Dereva Bahati akasimama. "Papa, moteri iko naungua! Mulete mayi yote!" Tukatoa hata maji ya kunywa ya Furaha, naye uchungu ulikwisha kumwanza. Marehemu mama yake angejua la kumwambia. Mimi nilijua sala tu. Bahati alipomimina, maji yote yakafurika chini: tangi la maji la injini lilikuwa limejaa, tena vuguvugu tu. Akachomoa waya wa kipimo. Mshale ukabaki palepale, ingawa haukuwa na cha kupima. "Kumbe njo ule mwenye kudanganya!" akasema, akiuonyesha mshale kwa kidole.

Muuza maziwa mmoja, abiria mwenzetu, akamnywesha Furaha maziwa yake. "Kunywa, mwanangu. Hii haina mushale."

Tukaendelea. Kila mlima nilipapasa injini chini ya kiti, nikihofu kwamba tumekosea.

Sasa niko nje ya chumba cha mkunga, hapa Buleusa. Sijasikia kilio cha mtoto. Utuombee, Dada. Kadi hii ataileta Bahati. Nimemsihi asiondoke kabla mkunga hajatoka, ili akuambie kwa kinywa chake jambo ambalo mimi, ninapoandika, bado silijui.

Kaka yako akupendaye