Sisi Siyo Sufuria

Ruhembe,
Agosti 1969

Kwa mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na magoti yawe yamepunguza kukuuma. Letisia akusomee polepole, asiruke mahali. Mimi ni mzima wa afya. Najua neno hilo peke yake litakutoa machozi, maana tangu niondoke hapo Mabwerebwere hujapata hata salamu yangu.

Mama, sikukutupa. Yule bwana aliyetubeba kwa lori kwenda kukata miwa shambani kwake alituahidi mshahara wa kila mwezi. Tulipofika tukaambiwa nauli ya lori ni deni, panga ni deni, blanketi ni deni. Unga tulikopeshwa dukani kwake kwa bei aliyoitaka mwenyewe, na kila mwisho wa mwezi mnyapara alitutangazia kuwa deni limepanda. Barua zetu alizichukua yeye kuzipeleka posta, na hakuna aliyewahi kupata jibu. Anayetaka kuondoka aliambiwa atafungwa jela. Tuliamini, mama. Watu wazima, wenye nguvu zetu, tuliamini.

Pale kambini alikuwapo mama mmoja, Domina, mtu wa Mahenge, aliyetupikia uji. Mumewe, Yohana, alikuwa mkata miwa mwenzetu. Homa ilipomuua, hata matanga hayajaisha, mnyapara alimwendea mjane akamwambia deni la marehemu sasa ni lake. Domina hakubishana. Aliomba ruhusa ya kwenda zahanati Kidodi, akapitiliza hadi ofisi ya TANU. Huko alimuuliza katibu, Bwana Melkizedek, kama Serikali humfunga mtu kwa kula unga wa mwenzake. Anasema katibu alianza kwa kucheka, kisha alipoelewa akavuta kiti akamkalisha. Akamjibu kwamba hakuna sheria ya namna hiyo, wala mjane harithi deni la kambi. Aliahidi kumleta afisa wa kazi Jumamosi.

Kutoka pale Domina angeweza kushika njia ya kwao. Hakuna aliyekuwa akimlinda. Lakini alirudi kambini, mama, akawasha moto kama kawaida, na kila aliyenyoosha bakuli lake alinong'onezwa habari ile.

Jumamosi asubuhi, jua limeshatoka, alijitwika sufuria lake kubwa akaanza kutembea. Tukamfuata, tukiwa tumeyaacha mapanga chini. Mnyapara alikingamisha lori barabarani, akapiga kelele kwamba sufuria ni mali ya shamba. Domina alilishusha taratibu, akaliweka miguuni pa mnyapara. "Chukua sufuria lako," akamwambia. "Sisi siyo sufuria." Akapita pembeni, kwenye majani, na sisi nyuma yake. Mbele kidogo tukakutana na Bwana Melkizedek na afisa wa kazi ndani ya Landrova. Afisa alimwambia mnyapara mbele yetu sote kwamba hatudaiwi kitu. Nilikaa chini pale pale barabarani. Kesi ya mwenye shamba bado inaendelea.

Sasa tuko katika kijiji kipya cha ujamaa. Tumevuna mahindi yetu ya kwanza, na Domina amechaguliwa kuingia katika kamati. Ana hasira za karibu na hapendi kusifiwa, kwa hiyo namsifu kwako wewe ili nafsi yangu itulie.

Lakini mama, sikuandika kwa hayo tu. Nimemwomba Domina awe mke wangu. Mara ya kwanza alinifukuza. Alisema hakututoa kwenye deni la miwa ili mimi nijitie kwenye deni lake, na kwamba nirudi siku nitakapoweza kumtazama bila kumshukuru. Baada ya mavuno nilirudi, nikamwambia kwamba uji wake wa kule kambini ulikuwa unaungua kila siku. Alicheka mpaka akashika ukuta, akakubali.

Amenizidi umri, ni mjane, na ni Mkatoliki. Najua wazee wa kanisa letu watasema. Hatutafunga ndoa mpaka utakapotupa neno lako. Yeye anataka kuja kwanza, umtazame mwenyewe.

Nisalimie mjomba Danieli na majirani wote. Domina amenizuia kufunga bahasha kabla sijakufikishia shikamoo yake. Ameitamka kwa sauti hapa jikoni, amepiga goti, kama vile umekaa mbele yake. Bado hajainuka, mama. Anasema anasubiri uitikie.

Ni mimi mwanao,
Timotheo