Mahali Pasipo Mteremko

Jumamosi jioni, Usangu

Chai imepoa, sijainywa.

Daktari alimkataza mume wangu kupanda vilima vya kwetu Ilula kwa sababu ya moyo, ndiyo maana tuko huku kwa binti yetu, tunatembea tambarare pembeni ya kinamasi. Asubuhi tulizunguka mji wa zamani wa Utengule, hakuchoka hata kidogo. Mchana nikasimama kutoa tope kwenye kiatu, nikamwambia, "Tangulia, baba Neema. Teremka tu mpaka kwenye gari."

Teremka! Sisi watu wa milimani ndivyo tunavyoelekezana. Huku hakuna juu wala chini, ni matete tu.

Nilifika kwenye gari, hayupo. Niliita mpaka sauti ikakauka. Nikaanza kupanga maneno ya kuwaambia watoto.

Msukuma mmoja aliyekuwa akinywesha ng'ombe ndiye aliyemleta, amemshika mkono, suruali ya mume wangu imelowa mpaka mapajani.

"Mama, mzee alikuwa anafuata maji. Anasema maji lazima yateremke."

Baba Neema akacheka. Mimi nikamgombeza mbele ya mtu tusiyemjua.

Sasa amejilaza, nasikiliza anavyopumua. Yale maneno ya kuwaambia watoto bado nayakumbuka yote.