Maua ya Baba Kwenye Blanketi la Mtoto

Benadeta,

Ndizi nimeshamenya, ziko sufuriani. Dada yako ameshikwa na uchungu alfajiri, nimekimbilia kwake Rubwera. Blanketi la viraka la mtoto halijaisha, na sababu ni baba yako.

Nilipokuwa nikifunga mizigo, huyo baba yako, Mheshimiwa Gaspari, alijikalisha kwenye cherehani. “Kushona mistari tu? Hiyo kazi ya watoto. Mimi nitashona maua.” Maua! Mtu asiyejua hata kufunga kifungo. Hakubana pini hata moja. Shuka la chini limejikunja, sindano imevunjika, halafu ananiambia cherehani ni mbovu.

Wewe weka sindano mpya. Tandaza shuka chini, pamba katikati, viraka juu, ubane pini kila mahali. Anzia katikati uende pembeni, mistari iliyonyooka tu, ukifuata maungio ya viraka. Usivute kitambaa, kiongoze polepole. Kesho uniletee.

Maua yake ~~fumua yote~~ fumua, ila acha moja pale kwenye kona. Mjukuu wangu atahitaji mahali pa kukojolea.

Mama