Mama Mdogo Huhesabiwa Wapi

Jumatatu, 4 Machi

Wametangaza asubuhi kwa kipaza sauti: ghala linafungwa wiki ijayo. Asiye na nchi ya kumpokea atapanda basi hadi mpakani. "Kurudishwa nyumbani," ndivyo alivyosema mtangazaji, kwa sauti tamu kama anatangaza harusi. Nyumbani! Nyumba gani? Paa liko uani, ukuta uko barabarani, na waliotufanyia hivyo bado wapo, wanatembea kifua mbele.

Tulipofika, wenyeji hawa walitupokea kwa blanketi na supu. Wanawake walitukumbatia, wengine walilia kutuzidi. Leo mlinzi yule yule aliyembeba Chiriku mgongoni kuvuka matope ananidai kitambulisho kila nikienda msalani. Simlaumu sana. Wamechoka. Na mimi nimechoka, tena nilianza kabla yake!

Ghala lilikuwa la fanicha. Mabango bado yananing'inia juu: Sebule, Jikoni, Vyumba vya Kulala. Sisi tunalala Bafuni. Chiriku huwaringia watoto wenzake kwamba sisi tuna bafu letu wenyewe. Ana miaka minane na mdomo wake haujawahi kupumzika, ndiyo maana akaitwa hivyo.

Bwana Redio, mzee wa godoro la jirani, sikio limeganda kwenye kiredio chake. Anatusomea nchi kama matokeo ya mpira. Ile ya ng'ambo ya mto imefunga. Ile ya milimani imejenga uzio, na waziri wao amepiga picha mbele yake akitabasamu. Zimebaki tatu, nazo amezibatiza mwenyewe: Nchi ya Mafundi, Nchi ya Familia, Nchi ya Watoto. Zote zimeleta watu wao na meza zao hapa hapa ghalani. Wanatuchagua kama nyanya sokoni, akasema, wanabonyeza kwanza. Akacheka peke yake.

Jumatano, 6 Machi

Mafundi wamenikataa. Hata kiti hakijapata joto.

Meza yao iko Jikoni. Kijana mwenye nywele zilizolazwa kwa maji akauliza kupitia mkalimani: fundi wa nini? Msusi, nikasema. Akauliza kama naweza kuchomelea vyuma. Nikamwambia naweza kukaa na kichwa kimoja kutwa nzima na mwenye kichwa asilalamike, amtafute fundi wa vyuma anayeweza hilo. Mkalimani hakutafsiri. Afadhali.

Bwana Redio naye hola. Alitengeneza redio maisha yake yote. Ufundi wanautaka, anasema, ila mvi hawazitaki.

Fundi bomba wa Sebuleni amepokelewa. Mkewe pia. Mama yake hapana. Bibi wa watu kamwambia nenda mwanangu, usiangalie nyuma, kisha akajifunika shuka gubigubi mchana kweupe. Hajatoka humo hadi sasa.

Alhamisi, 7 Machi



Leo ilikuwa Nchi ya Familia. Mama na watoto wake wanapita, nimeona kwa macho yangu: jana mmoja mwenye wanne kapita bila maswali. Nikamchana Chiriku, nikampaka mafuta, nikamwambia leo mdomo uwe likizo. Ofisa ni mwanamke mtu mzima, nywele nyeupe zilizokatwa vizuri sana, uso wa huruma. Akampa Chiriku biskuti. Nikajiambia, hapa tumefika.

Huyu ni nani? Mwanangu. Baba yake? Hatujui alipo. Ulijifungulia hospitali gani?

Nikajibu bila kufikiri, kama mtu anayeulizwa rangi ya gauni alilovaa. Aliyejifungua ni dada yangu, nikasema. Alifariki mtoto hajaanza kutambaa.

Akaacha kuandika. Akamtazama mkalimani. Kwa hiyo si mtoto wako? Ni mtoto wangu. Lakini hukumzaa. Sikumzaa, ni mwanangu! Mkalimani maskini jasho linamtoka. Yeye alinielewa. Baadaye kaninong'oneza kwamba aliyemsomesha ni marehemu mama yake mdogo. Alijaribu kueleza, akaeleza tena. Ofisa anatikisa kichwa polepole, kwa upole kabisa, na upole wake ndio ulionichoma. Kwao familia ni aliyezaa na aliyezaliwa. Mama mdogo hahesabiwi. Tena nilianza kwa kusema uongo, na hilo limeshaingia kwenye kompyuta.

Uongo! Ningesemaje? "Huyu ni mtoto wa dada yangu"? Mbele yake? Kwa watu wetu ukimtambulisha mtoto hivyo umemtukana, umemwambia hapa wewe ni mgeni. Mama yangu angekuwa hai angenizaba kofi pale pale mezani. Na ningetaja hospitali yoyote, jina lolote la kubuni, sasa hivi tungekuwa tunafunga mizigo. Mjinga mimi! Mjinga!

Tukirudi Bafuni Chiriku akauliza kwa nini yule bibi amesema mimi si wako. Nikamwambia yule bibi hajui lugha yetu vizuri. Basi tumfundishe, akasema.

Jumamosi, 9 Machi

Mabasi yamefika. Yamepangwa nje ya geti, meupe, yameoshwa. Madereva wanavuta sigara.

Nimesuka vichwa viwili leo. Watu wanataka wapendeze waende wapi? Vidole vinasuka, mimi mwenyewe sipo.

Jumapili, 10 Machi

Nimegombana na Bwana Redio. Nimemwita mzee asiye na haya. Sijawahi kumtolea mtu mzima maneno kama yale.

Aliniita pembeni baada ya kusikiliza taarifa yake ya asubuhi. Nchi ya Watoto wanachukua yatima, gari lao linaondoka Jumatano. Kule kuna shule, kuna watu waliojitolea kulea. Nikamwambia basi vizuri, Chiriku ni yatima, twende wote. Akatazama chini. Wanachukua yatima asiye na mtu kabisa, akasema. Akiwepo jamaa yeyote mtu mzima, mtoto anabaki na jamaa yake.

Jamaa yeyote? Hata mama mdogo?

Hata mama mdogo.

Nilicheka hadi watu wakageuka. Yaani hawa ndio wananihesabu! Wale wengine niliwapigia magoti sikuhesabiwa, na hawa, nisipotakiwa kuhesabiwa, ndio wamenikumbuka! Mimi ni mama palipo na hasara tu.

Ndipo akasema. Mwambie aseme hana mtu. Mimi nitampeleka, nitasema nilimkuta anazurura humu ghalani. Mimi mzee wataniamini. Na kule kwa Familia kompyuta imeshasema wewe si mama yake, unaogopa nini?

Hapo ndipo nikamtukana. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akauliza jambo moja tu: mpakani, watoto wa kike wa umri wake wanafanywa nini, nimeshasahau?

Sijasahau.

Jumanne, 12 Machi

Nimemwomba radhi Bwana Redio, na kwa kuwa sina cha kumpikia, nimemfulia shati lake. Amelipokea, amelivaa hata halijakauka.

Tangu jana namfundisha Chiriku. Najifanya ofisa. Nakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nakunja uso.

Umekuja na nani? Na mama. Hapana! Umekuja na nani? Na… peke yangu. Mama yako yuko wapi? Ananitazama. Si huyu hapa, anasema, anacheka, anadhani ni mchezo.

Nikampiga. Mara moja, mkononi. Sijawahi. Hakulia, alishangaa tu. Mimi ndiye niliyelia, akanifuta kwa kanga yangu mwenyewe.

Nikamweleza yote, vile mtu anavyoweza kumweleza mtoto. Kwamba kuna safari, kuna shule, kuna kitanda chenye miguu. Kwamba mimi nitakuja baadaye. Akauliza lini. Nikasema baadaye. Akauliza kwa nini wanataka mtoto asiye na mama, wao hawana watoto wao? Nikasema ndio utaratibu wao. Kila nchi na utaratibu wake.

Halafu kakaa kimya. Chiriku, kimya! Nikadhani amelala. Kumbe anafikiri. Akasema: nikiwaambia sina mama, wewe utakuwa umekufa?

Nikamwambia hapana. Nitakuwa nimekaa tu, nitakuwa nakusikia.

Mchana mzima nimemsuka. Nimechora mistari midogo midogo, nimebana vizuri, maana sijui kule nani atashika kichwa chake na kwa mikono gani. Kila nikimaliza msuko mmoja namuuliza, mama yako yuko wapi? Mwishoni alikuwa anajibu vizuri. Sauti haipandi wala haishuki. Sina mama. Nimekuja peke yangu. Nilikuwa nalala Bafuni.

Mungu wangu, amejifunza haraka.

Jumatano, 13 Machi

Niko kwenye benchi la korido, ofisi ya Nchi ya Watoto. Bwana Redio alinikataza kuja. Nimekuja. Nimekaa mbali naye kama hatujuani, na ninaandika ili mkono uwe na kazi. Mtu anayeandika hakuna anayemsemesha.

Mlango wao una kioo. Naona mgongo wa Chiriku, naona mistari ya kichwa chake, msuko mmoja wa kushoto umelegea. Miguu haifiki chini. Asubuhi nilimwambia asiniangalie hata iweje. Kutoka Bafuni hadi hapa alitembea ameshika mkono wa Bwana Redio na hakugeuka hata mara moja.

Bwana Redio ameshaulizwa, ametoka. Ananipita. Amekohoa tu. Nadhani maana yake ni kwamba mambo yanakwenda.

Gari lao liko nje, dogo, la bluu. Kuna watoto sita wameshakaa ndani. Mmoja anapiga kioo kwa kiganja, hakuna anayemwambia aache.

Ofisa anaandika. Mkalimani ni yule yule wa Nchi ya Familia! Sikujua. Mungu wangu, ni yeye, anafanya kazi kwenye meza zote. Anamjua Chiriku. Ananijua mimi. Alikuwepo nikipiga kelele ni mwanangu, ni mwanangu.

Amenyanyua macho, ameniona kupitia kioo.

Ameyashusha tena. Anatafsiri, midomo inakwenda. Hajasema. Au amesema? Ofisa hajashtuka. Hajasema! Mtoto wa watu, Mungu amlinde, na mama yake mdogo apumzike pema.

Ofisa ametoka mlangoni. Anauliza korido nzima, mkalimani anatafsiri akitazama sakafu: kuna yeyote hapa ambaye ni jamaa wa mtoto huyu? Yeyote?

Watu wanatazama magoti yao. Bwana Redio anafunga kamba za viatu vyake, na viatu vyake havina kamba.

Nikiinuka, kesho tuko wote kwenye basi jeupe. Nikikaa, anapanda lile la bluu. Nimekaa. Naandika. Nikiacha kuandika nitainuka, najijua.

Ofisa amerudi ndani. Anampa Chiriku kalamu ya rangi. Anamuuliza kitu, anatabasamu. Lazima ni lile swali.

Chiriku hajibu.

Sema, mwanangu. Sema kama jana.

Mabega yanapanda. Amegeuka kwenye kiti, amegeuka mzima mzima, ananitazama mimi moja kwa moja. Hatabasamu. Mdomo umefunguka na sasa anaongea, anaongea, haachi, kioo hakipitishi hata neno moja, ila "mama" nalisoma midomoni. Mkalimani ameacha kutafsiri. Ofisa anamshika bega, kama anayemwambia endelea.

Sasa wote watatu wanatazama benchi langu. Bado naandika. Mlango unafunguliwa