Senti Mbili Ndani ya Mahari Yako

Langalanga,
kwa njia ya Auki, Malaita.
14 Septemba 2014.

Mpendwa mdogo wangu Alick,

U hali gani huko Bundaberg, Australia? Mgongo unaendeleaje na hizo nyanya za watu unazochuma? Sisi tunakula, tunalala. Mkeo Hilda hajambo, na anauliza kama unavaa soksi usiku, maana ulimwambia kuna baridi.

Tangu tumzike Mama sina habari nyingi ndani yangu. Watu wananipa pole, naitikia, basi. Namenya magimbi, nafagia, jua linazama. Usidhani nimekuwa na roho mbaya. Sihisi kitu tu.

Uliniuliza habari za mahari, simu ikakatika. Nakueleza yote sasa, maana siku tulipoitoa ndoa yako ilibaki kidogo tu ivunjike, nawe huna habari.

Unaikumbuka senti mbili? Ile ya shaba yenye tai, tai wetu wa Malaita. Ilikuja mwaka niliozaliwa mimi, kabla hata ya bendera ya uhuru. Mama alisema watu waliigeuzageuza sokoni wakicheka kwamba tai wetu ameingia serikalini. Nilipoanza shule ilininunulia peremende. Ulipoanza wewe, wenye maduka walikuwa wanatupatia peremende badala yake kwa kuwa hawataki kuhangaika na chenji hiyo. Halafu zikaja za chuma kilichopakwa shaba juu, zinaota kutu zikiguswa na chumvi. Mwisho hela mpya zikatoka, senti mbili haimo. Hakuna aliyeililia. Watoto wanachezea dama.

Mama alihifadhi zile za shaba tupu kwenye kopo la maziwa. Nilidhani ni mambo ya uzee. Kumbe kombe nyekundu, zile tunazozisaga na kuzitunga kamba za mahari, zilimwishia, na za kununua hazishikiki kwa bei. Akazisaga senti zile kwenye jiwe mpaka tai wote wakafutika, akazitoboa kwa keekee, akazitunga katikati ya kamba ya mwisho ya mahari yako. Nilipogundua nilimuuliza, Mama, hii si hela?

"Nilichokisaga kwa mkono wangu ni mali," akanijibu kwa ukali. "We lete chai."

Alikuwa anaamini kweli, Alick. Hakuwa anamdanganya mtu. Kamba nyingine haikuwepo, nami nikaleta chai.

Siku ya mahari ukoo wa Hilda walikuja na yule mjomba wake, Irofiala. Unamjua. Kila kamba anaipitisha vidoleni, na akirudisha moja mbele za watu, harusi hakuna tena na aibu mnabaki nayo. Mama alikuwa amelala mkekani, hawezi hata kukaa, lakini kamba ile alitaka aitoe mwenyewe.

Irofiala akaipokea. Vidole vilipofika katikati vikasimama. Akanitazama mimi, akamtazama Mama. Nikasema moyoni, kwisha.

"Nani kaisaga hii?"

"Mimi," Mama akasema. "Umeona kasoro?"

"Naona mkono wako bado mkali, dada." Akaitia kikapuni. "Imetimia. Haya, binti yetu mnaye. Tupeni chakula, mnatutazama tu?"

Mama alicheka mpaka akakohoa. Alifariki kabla ya wiki kwisha, akijua amekuoza.

Juzi Irofiala alikuja peke yake, shavu limejaa tambuu. Kamba ilikuwa mkononi.

"Binti, mlitaka kuoa kwetu kwa hela mfu?"

"Tusamehe, mzee."

"Msamaha nautia wapi? Nataka kamba ya kweli, kombe tupu. Ukoo wangu wakijua watanitafuna mzimamzima. Mwambie huyo mdogo wako."

Nikakubali. Nikanyoosha mkono nipokee ile ya Mama. Akaivuta kwake.

"We vipi? Nani kakwambia narudisha? Hii nimepewa na mama yako."

Akaivaa shingoni, akalifunga shati juu yake mpaka kifungo cha mwisho, akaenda zake. Nilibaki mlangoni na mkono wangu umenyooka. Kifuani kulianza kuuma, kama mguu ganzi inapouachia. Kulia bado sijalia.

Usitume hela ya kununua kamba iliyokwisha tengenezwa. Kombe nyekundu tu, tukipata wa kutuuzia, utulipie. Wifi Hilda amekaa kwenye jiwe la Mama, anasaga vibaya, anajikwaruza vidole, na nikimwambia apumzike hasikii. Mimi natoboa.

Shangazi Nesta anakusalimu, na Baba mdogo Fiuloa. Nawe tusalimie Moffat na wenzenu wote mnaolala pamoja. Mungu akulinde mikono na miguu, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Everlyn