Mkate wa Mayai Uliokwenda Kuposa Michenga

Jumamosi, Juni. Asubuhi ukungu wa Udzungwa ulishuka hadi kwenye mashamba na nikavaa sweta. Saa sita jua likatuchoma kama vile baridi haikuwapo. Hali ya moyo: nimeudhika.

Nimeudhishwa na watu watatu. Wa kwanza ni mdogo wangu Fidelisi. Wa pili ni mzee mmoja wa Michenga ambaye Mungu akipenda atakuwa mkwe wangu. Wa tatu ni mimi, na huyu wa tatu ndiye aliyenichosha kuliko wote.

Nianze na Fidelisi, maana yeye ndiye aliyeanza.

Tangu mwanzo wa masika mdogo wangu hali nafaka. Hagusi wali, hagusi ugali, hagusi andazi wala mkate wa dukani. Anakula vitokavyo kwa mnyama: nyama, mayai, samaki, maziwa, samli, na asali kidogo kwa kuwa nyuki naye, anasema, ni mnyama. Aliyajifunza hayo kwenye simu, kwa vijana wenye vifua vipana wanaofoka mbele ya vipande vya nyama. Huyu ni mtu wa miaka sitini na moja, aliyezaliwa na kulelewa katika bonde ambalo mtoto huonjeshwa uji wa mchele kabla hajaota jino.

Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu tumbo lake lilipungua, na Jumapili moja nikamwona kanisani amepiga magoti. Ilikuwa imepita miaka mingi Fidelisi akibaki amekaa kwenye benchi wakati wa mageuzo ya misa, kwa ajili ya magoti yake. Siku ile alishuka chini mwenyewe na akasimama mwenyewe. Sijui kama ni nyama, au ni kuacha soda na maandazi, au ni uzito tu uliopungua. Nilifundisha sayansikimu miaka thelathini na moja na sipendi kusema nisilolijua. Lakini macho yangu yaliona.

Shida yake ilikuwa moja. Alitamani mkate.

"Dada, nyama naiweza. Samaki naweza. Ila asubuhi mkono wangu unatafuta kitu cha kushika na chai."

Aliniambia hivyo akiwa amekaa jikoni kwangu, mjane jikoni kwa mjane mwenzake, na mimi ni mwalimu. Ukimwambia mwalimu wa mapishi kwamba jambo haliwezekani, umemharibia wiki nzima.

Naomba nieleze kidogo, wanaotaka kuruka waruke.

Mkate husimama kwa sababu ngano ina mnato. Ukiukanda unga, mnato ule unakuwa kama wavu, na hewa inakaa ndani yake. Ukiondoa ngano lazima utafute kitu kingine cha kuishika hewa, na mnyama hana vitu vingi vya namna hiyo. Nilijaribu mayai yaliyopikwa mazito kwenye kikaango. Fidelisi akalitazama bonge lile kwa huzuni: "Hii ni chapati ya mayai, dada." Nikajaribu nyama ya kuku iliyosagwa, nikaikanda na yai na chumvi, nikaitandaza nyembamba. Hiyo ilishika vizuri, hata kukunjika ilikunjika, lakini alilalamika kwamba ana kuku mkononi na kuku kwenye sahani, sasa kitoweo ni kipi? Nikanunua maziwa mgando kwa mama wa Kisukuma anayepita mtaani kwetu na baiskeli, nikayachuja kwenye kitambaa usiku kucha, nikayakaanga yale mabonge. Kikaango nilikikwangua siku mbili.

Cha nne ndicho kilichoelekea. Unatenga ute na kiini. Ute unaupiga kwa uma mpaka mkono ukuume na uwe mweupe kama povu la sabuni. Unarudisha viini taratibu, unamimina kwenye sufuria, unaweka mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko. Unaumuka kama kofia ya askofu. Ukiutoa tu motoni, unaporomoka. Povu la mayai linashika hewa, ila halina subira.

Na sasa nifike kwenye kosa langu.

Mwanamke yeyote wa bonde hili anayeoka kwa moto wa juu na chini hupaka sufuria mafuta, kisha hunyunyiza unga wa mchele ili mkate usigande. Mama yangu alifanya hivyo, nami nimewafundisha hivyo wasichana wasiohesabika. Mkono haungoji kuambiwa. Siku ile, wiki tatu zilizopita, mkono wangu ulichota, ukanyunyiza, na unga uliobaki ukaukung'utia kwenye povu na kuchanganya, kama ninavyofanya siku zote kwa mkate wa mchele. Niligundua nilipokuwa nanawa vidole. Wakati huo mkate ulikuwa umekwisha kuiva, umesimama, na Fidelisi alikuwa nje kibarazani na kipande cha pili mdomoni.

"Dada! Umeupata! Huu ndio wenyewe!"

Alifurahi mpaka akainuka. Nikafungua mdomo nimwambie. Nikaufunga.

Hiyo ilikuwa ajali. Mkate wa pili haukuwa ajali. Nilichota vijiko vitatu nikijua ninachokifanya, na wa tatu vilevile, na wote waliofuata. Nilijipa sababu za kisomi: vijiko vitatu kwa mayai sita ni kitu gani? Mbona magoti yake yanaendelea vizuri? Mbona analala vizuri? Kila aliponishukuru nilisema, "Kula, mdogo wangu," na nikageukia masufuria.

Kweli yenyewe ni kwamba nilipenda kusifiwa.

Basi, leo.

Mwanangu wa mwisho, Beatusi, ana miaka thelathini na minne na nilishaanza kukata tamaa. Mwaka huu amempata Leokadia wa Michenga, binti mpole anayelima mwenyewe, na Beatusi amebadilika: anapiga pasi. Mazungumzo ya mwanzo yalikwisha salama. Leo ilikuwa siku ya kwenda kupokea jibu. Kwa kuwa baba yake hayupo, msemaji wetu ni mjomba wake. Ndiye Fidelisi.

Wazee wa ile familia wana desturi yao. Jibu halitamkwi kwa mdomo kwanza. Linaletwa kwenye sinia: wali wa mchele mpya uliovunwa na binti mwenyewe, na kuku. Msemaji wa upande wa mwanamume ndiye anayetia mkono wa kwanza. Akila, wamekubaliana, na hapo ndipo maneno yanapofuata. Kabla hajala hakuna anayegusa.

Nilimweleza hayo asubuhi. Nilimwambia, "Leo utakula wali. Tonge moja." Akapigapiga mfuko wake: "Nimeshajipanga, dada. Usihangaike."

Nilidhani amejipanga kula.

Tulikwenda na bajaji, watatu tumebanana nyuma. Tukapokewa vizuri, shikamoo zikaitikiwa, tukakalishwa mkekani. Sinia likaja. Wali ulikuwa wa supa mpya, ule mchele unaonukia, harufu yake ilifika kabla yake, na Leokadia alipiga goti kutunawisha akiwa hainui uso. Beatusi alikuwa anatoka jasho. Baba wa binti akasema, "Karibu, mjomba."

Fidelisi akashukuru vizuri sana. Kisha akafungua mfuko, akatoa kitambaa, akakifungua kitambaa, akatoa mkate wangu.

Shangazi wa binti, mama mnene mwenye jicho lisilopitwa na kitu, ndiye aliyeanza.

"Mjomba, hilo ni nini? Magimbi?"

"Ni mkate wangu, shemeji. Wa mayai."

"Mkate! Umebeba mkate kuja Michenga? Kuna njaa huku?"

Watu wakacheka kidogo. Fidelisi naye akacheka, hakuelewa. Akaanza kueleza habari za nafaka, akaeleza magoti, akaeleza vijana wa kwenye simu. Akasema kuku atakula, hata akiachiwa wote. Wali tu ndio hapana.

"Na wali huu kaulima Leokadia," shangazi akasema, sasa hacheki. "Kapalilia yeye, kavuna yeye, kapika yeye. Kwa hiyo binti mnamtaka, ila mikono yake hamuitaki?"

"Sikusema hivyo, shemeji."

"Mwalimu," akanigeukia mimi, "mdogo wako anaumwa, au anatuogopa?"

Hapo nikajua tumeharibikiwa. Asiye wa huku huenda asielewe. Mtu anayekuja na chakula chake kwenye nyumba iliyompikia anasema jambo moja tu, hata akitabasamu: nadhani mmenitilia kitu. Hakuna tusi kubwa zaidi ya hilo, na halifutwi kwa somo la lishe.

Baba wa binti hakupandisha sauti. Alisema neno moja.

"Funikeni."

Leokadia akaja na kawa. Nikamtazama Beatusi, na nikaona uso aliokuwa nao siku baba yake alipofariki. Sinia likifunikwa kabla ya kuliwa, kwa watu wale, ndiyo hapana yenyewe. Wala hawarudii.

Nikasema, "Ngojeni."

Nikamgeukia mdogo wangu mbele ya watu wote. "Fidelisi, mkate huo ulioushika una mchele. Vijiko vitatu vya unga. Nimekulisha mchele wiki tatu nzima. Nisamehe. Hutavunja kitu ukila wali huu, maana nilikwisha kukivunja mimi."

Macho yote yakahamia kwenye ule mkate. Kisha shangazi akapiga makofi, akacheka hadi akashika ukuta.

"Mjomba! Kumbe wali unaula, tena kwa mlango wa uani!"

Mkeka mzima ukaangua kicheko. Hata baba wa binti alifunika mdomo kwa kiganja. Kawa likarudi lilikotoka.

Fidelisi hakucheka. Aliutazama mkate kama mtu anayesoma barua. Akaukunja ndani ya kitambaa, akaurudisha kwenye mfuko, akaomba maji, akanawa tena. Akakata tonge la wali, akala. Akakata la pili, akala. Akasema, "Leokadia, mwanangu, mchele wako ni mtamu." Vigelegele vikapigwa. Akaendelea kula wali mtupu, tonge baada ya tonge, kwa adabu kabisa. Kuku hakumgusa.

Jibu letu ni ndiyo. Ndoa ni baada ya mavuno kwisha. Ninapaswa kuwa mama mwenye furaha kuliko wote Ifakara.

Njia nzima ya kurudi Beatusi aliongea peke yake. Alipoteremka, tulibaki wawili hadi langoni kwangu. Nikaanza kueleza, kama kawaida yangu: povu la mayai, mnato, mazoea ya mkono. Fidelisi akaniacha nimalize. Kisha akasema:

"Dada, mchele sina ugomvi nao. Wiki tatu nimekushukuru kila asubuhi, na wewe ukaniitikia."

Akamwambia dereva aondoke.

Nimekaa hapa tangu saa kumi na moja jioni nikitafuta mtu mwingine wa kumkasirikia. Nimejaribu vijana wa kwenye simu. Nimejaribu desturi ya kutia mkono wa kwanza, ambayo kwa kweli ni desturi nzuri. Nimemjaribu Fidelisi mwenyewe: angeshindwaje tonge moja kwa ajili ya mtoto wa dada yake? Hapo nina haki kidogo, na nitamwambia siku moja. Lakini alikuwa mkweli. Alikaa mbele ya wakwe na ukweli wake wa kipumbavu, akatukanwa kwa ajili yake. Mimi niliutoa wangu pale tu ulipokuwa na faida.

Alikuwa ameacha kuuamini mwili wake miaka mingi. Akaanza kuuamini tena, kidogo, kwa chakula alichodhani anakijua. Sasa hajui hata wiki hizo tatu azihesabu vipi, na mimi siwezi kumsaidia kuzihesabu.

Kesho baada ya misa nitakwenda kwake na mayai sita mabichi kwenye kikapu, na sufuria tupu niliyoisugua. Ayavunje mwenyewe. Apige povu mwenyewe, mkono umuume, aweke mkaa mwenyewe. Mimi nitakaa kwenye kigoda, mikono mapajani, na mkate ukiporomoka tutaula ukiwa umeporomoka.

Kama atanifungulia.